Shajara ya Mradi: Mfumo wa Kusaidia Maamuzi ya Ulinzi na Uendeshaji, Uwanja wa Ndege wa Mtwara

Hali ya mradi: majaribio. Ratiba za ndege zinazotumika ni za kutunga, taarifa za ukaguzi ni za mazoezi, na mfumo haujaungwa na mtambo wowote unaoendesha uwanja. Vipimo vya kisheria ndivyo vya kweli: Kiambatisho cha 14 cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwa upande wa viwanja na zimamoto, cha 17 kwa ulinzi. Mtwara (HTMT kwa vifupisho vya ICAO) imechukuliwa kuwa kielelezo kwa sababu ina kila kinachosumbua mfumo wa namna hii: barabara ya kurukia 01/19 (namba za ncha zake mbili) iliyorefushwa hadi mita 2,800, mvua za pwani, ndege chache zinazoweza kufika kwa mkupuo, na wafanyakazi wachache wanaobeba kazi mbili mbili.

Viwango vinavyohusu jinsi mashine za ukaguzi zinavyotegwa, njia za doria na muda wake halisi havitaandikwa humu. Anayejenga mfumo kama huu kwingine atavipata kwa mamlaka yake.

Oktoba, mwanzoni: saa

Kabla ya kanuni yoyote kuandikwa, saa zimepangwa. Ratiba za ndege na ripoti za hali ya hewa (METAR) huja kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa ya ukutani ni ya Afrika Mashariki, yaani UTC jumlisha 3. Mlinzi wa geti naye akipiga simu husema "saa nne na nusu", maana yake 10:30 ya ukutani, ambayo ni 0730 UTC. Akijaza 4:30 kwenye fomu, na fomu ikaichukua kama 0430 UTC, tukio linasogea nyuma saa tatu na kuangukia saa moja na nusu asubuhi. Kosa la saa sita, 4:30 ikichukuliwa kama saa ya ukutani, ni rahisi kulishika, kwani tukio la asubuhi linaangukia usiku na kila mtu anashtuka. Hili la saa tatu halishtui mtu. Nyakati zote mbili ni za kazi, na zote zinaweza kuwa na ndege uwanjani.

Sehemu ya kuandika saa imeondolewa kwenye fomu. Kuna kitufe cha "sasa hivi" na vingine vya dakika 5, 10 na 15 zilizopita. Kanzidata inahifadhi UTC peke yake. Skrini inaonyesha saa ya ukutani kwa tarakimu 24, na chini yake, kwa herufi ndogo, saa ya Kiswahili.

Kila taarifa inabeba nyakati mbili: lini jambo lilitokea na lini liliingizwa. Hapo ndipo umri wa taarifa unapopatikana, na umri ndio moyo wa mfumo wote huu. Ripoti ya hali ya hewa inaishi dakika 60. Kina cha maji barabarani kinaishi dakika 30 mvua ikiwa inanyesha. Hali ya magari ya zimamoto inaishi zamu moja, isipokuwa gari likitoka. Idadi ya watu kwenye foleni inaishi dakika 5. Umri ukipita, kisanduku kinageuka kijivu na ushauri wote unaotegemea taarifa hiyo unanyamaza. Mifumo mingi ya aina hii huacha rangi ya kijani ya mwisho ibaki kwenye skrini mtandao ukikatika, na hiyo ni hatari kuliko kukosa skrini kabisa.

Oktoba, mwishoni: zimamoto

Hii ndiyo moduli iliyokuwa nyepesi kuandika, maana kanuni zake ni namba tupu. Daraja la ulinzi wa moto linatokana na urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. Q400 ina mita 32.8, daraja la 6. A220-300 ina mita 38.7, nayo ni daraja la 6, lakini kwa sentimita 30 tu: mpaka wa juu ni chini ya mita 39. Boeing 737 MAX 9, mita 42.2, ni daraja la 7.

Daraja la 6 kwa povu la kiwango B (kimoja cha viwango vya ubora wa povu vya ICAO) linadai lita 7,900 za maji, uwezo wa kumwaga lita 4,000 kwa dakika, kilo 225 za dawa ya unga, na magari mawili. Maji yote hayo yanaisha ndani ya dakika mbili. Kwa dawa ya povu inayochanganywa kwa asilimia 3, magari yawe na lita 237 za dawa, na stoo iwe na akiba ya mara mbili yake, lita 474.

Mfano wa kwenye zoezi: gari A lina lita 6,000, gari B lita 4,000. Yakiwepo yote, daraja ni 6. Gari B likiitwa kwenye nyumba inayoungua Shangani, mjini Mtwara, zinabaki lita 6,000 na gari moja, daraja linashuka hadi 5 (lita 5,400). Likitoka gari A, zinabaki lita 4,000 na daraja linaanguka hadi 4 (lita 2,400). Hoja ya kwamba "gari moja limetoka" haitoshi. Mfumo lazima ujue ni gari gani, kwa hiyo kila gari limepewa kitufe chake.

Kanuni zinaruhusu kushuka daraja moja kama safari za ndege kubwa zaidi, kutua na kuruka zikihesabiwa kila moja peke yake, hazifiki 700 katika miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi. Kwa uwanja mdogo ruhusa hii ina maana kubwa. Hata hivyo haikuachiwa ijiwashe yenyewe: ni swichi iliyo mikononi mwa meneja, ina tarehe ya mwisho, na jina la aliyeiwasha linabaki kwenye kumbukumbu.

Ushauri wenyewe unasomeka hivi: "Daraja lililopo: 5. Ndege ijayo: A220-300, inahitaji 6. Arifu mnara na ofisi ya taarifa za anga." Hausemi "zuia ndege". Hayo ni ya rubani na kampuni yake.

Novemba: mvua za kwanza

Kipimo cha mvua ni cha kijiko kinachopinduka, kila mpinduko ni milimita 0.2. Kimewekwa kwenye bomba la chuma lililopakwa rangi, mbali na paa na miti. Kinachokiharibu ni vumbi la kiangazi lililoganda kwenye faneli pamoja na utando wa buibui. Mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha, kipimo kilichoziba husema "hakuna mvua" kwa utulivu kabisa, kisha kinaendelea kudondosha matone saa mbili baada ya jua kutoka. Dalili ni hiyo ya mipinduko iliyoachana sawasawa, mmoja kila dakika kadhaa, bila kupanda wala kushuka. Mvua halisi haina nidhamu hiyo. Kanuni imeongezwa: mipinduko ikilingana kwa zaidi ya nusu saa, kisanduku kiwe kijivu na mtu atumwe akasafishe faneli.

Kinachotafutwa si mvua bali maji yaliyosimama barabarani. Tangu Novemba 2021 ICAO inatumia mfumo mmoja wa kuripoti hali ya barabara ya kurukia: inagawanywa theluthi tatu, na kila theluthi inapewa namba kutoka 0 hadi 6. Kavu ni 6. Iliyolowa, maji yasiyozidi milimita 3, ni 5. Maji yaliyosimama zaidi ya milimita 3 ni 2. Kutoka 5 hadi 2 ni kuruka ngazi tatu kwa unene wa sarafu chache, na rubani wa A220 anabadilisha hesabu yote ya umbali wa kusimama.

Hapa kuna kishawishi cha kuacha kipimo cha mvua kitoe namba moja kwa moja. Tumekikataa. Barabara ina mwinuko katikati ili maji yatiririke pembeni, na kiasi kinachobaki kinategemea mteremko, upepo, mpira uliogandamana sehemu za kutulia, na mfereji kama umezibwa na nyasi. Milimita 3 za mvua si milimita 3 za maji barabarani. Kwa hiyo kipimo kina kazi moja tu: mipinduko 10 ndani ya dakika 10, yaani mwendo wa milimita 12 kwa saa, na skrini ya zamu inasema "tuma mkaguzi". Mkaguzi anakwenda na rula, anapima sehemu kadhaa katika kila theluthi (takribani mita 933 kila moja), anaingiza kina na eneo lililofunikwa. Eneo lililofunikwa likiwa robo ya theluthi au pungufu, namba inabaki 6.

Kitu kimoja kimegharimu muda mwingi kuliko kilivyostahili. Theluthi zinaripotiwa kuanzia upande wenye namba ndogo, hapa 01. Ripoti ya 5/5/2 ina maana maji yako upande wa 19. Rubani anayetua kutokea 19 anasomewa kinyume, 2/5/5. Kwenye skrini ya mkaguzi mchoro wa barabara sasa unageuka kulingana na upande lilikosimama gari lake, na namba inatungwa na mfumo. Yeye anagusa picha tu.

Jambo jingine la Novemba ni kumbikumbi. Jioni baada ya mvua ya kwanza wanatoka kwa wingi kwenye vichuguu, wanakusanyika kwenye taa za maegesho, na nyuma yao wanakuja mwewe na kunguru. Kanuni ya ndege wa porini imeandikwa kwa masharti manne: mvua ndani ya saa 24, siku nyingi kavu kabla yake, jua kukaribia kuzama, na ndege inayotarajiwa ndani ya dakika 45. Yote yakitimia, ushauri ni kukagua barabara kwa gari dakika 15 kabla na kuzima taa zisizo za lazima za upande wa majengo. Kufyeka nyasi nako kumeunganishwa na ratiba: trekta likipita, yangeyange wanalifuata kuokota panzi, kwa hiyo kufyeka kunapangwa baada ya ndege ya mwisho ya siku, kwa vipande, kuanzia karibu na barabara kuelekea uzioni ili ndege hao wasukumwe nje.

Desemba: foleni ya ukaguzi

Hapa ndipo mkono wa mashine ulipotarajiwa kusaidia zaidi, na ndipo hesabu ya penseli ilipotosha.

Chukua njia moja ya ukaguzi: mashine moja ya eksirei, lango moja la kugundua chuma. Tuseme abiria mmoja anatumia wastani wa sekunde 25 pale kwenye mkanda. Hiyo ni watu 144 kwa saa. A220-300 yenye viti 132 inapita, kwa kubana. Ikichelewa hadi ikakutana na Q400 yenye viti 76, wanakuwa 208 kwenye saa hiyo hiyo. Saa ikiisha bado watu 64 wako nje ya mkanda, na wa mwisho wao ana dakika 27 za kusubiri.

Hayo ni kama hakuna begi linalofunguliwa. Mtwara ya Desemba ni msimu wa korosho. Kwenye skrini ya eksirei vitu vyenye asili ya mimea na wanyama huonekana rangi ya chungwa, chuma bluu, na mchanganyiko kijani. Kilo tano za korosho zilizobanguliwa na kubanwa ndani ya mfuko ni bonge moja la chungwa lililokoza, lisilopenyeka vizuri. Ming'oko (viazi vya porini) iliyofungwa kwenye gazeti ni hivyo hivyo, na samaki wakavu pia. Mkaguzi hana namna ila kuomba begi lifunguliwe, na yuko sahihi: vilipuzi vingi navyo ni chungwa.

Tuseme begi moja kati ya matano linafunguliwa, kwa sekunde 90. Mkaguzi wa pili akiwa pembeni na meza yake, mkanda hausimami na zile 144 zinabaki. Aliyekaa kwenye skrini akilazimika kuinuka akafungue mwenyewe, wastani unakuwa 25 jumlisha 18, sekunde 43, na njia inashuka hadi watu 83 kwa saa. Kwa hesabu hii mtu mmoja na meza moja vinazidi thamani ya programu yoyote iliyoandikwa kwenye mradi huu. Ushauri wa kwanza wa moduli umekuwa huo: ndege mbili zikikaribiana chini ya dakika 50, weka mtu kwenye meza ya begi kabla foleni haijaanza, si baada. Wa pili ni tangazo mlangoni: korosho, ming'oko na samaki vitolewe kwenye begi na kuwekwa kwenye trei peke yake. Bonge likiwa peke yake kwenye trei linasomeka kwa haraka zaidi kuliko likiwa chini ya kompyuta na nyaya za chaji.

Mfumo pia unahesabu dakika za aliye kwenye skrini. Baada ya dakika 20 za kutazama picha mfululizo jicho huchoka, kwa hiyo dakika ya 18 jina la anayempokea linaonekana. Zamu yenye wakaguzi wawili haiwezi kutimiza haya ndege mbili zikiwepo, na mfumo unasema hivyo waziwazi badala ya kutoa ratiba isiyowezekana.

Idadi ya watu inatoka kwa kamera iliyo juu ya mlango inayohesabu vichwa kutoka juu. Hakuna sura inayohifadhiwa, picha inafutwa namba ikishapatikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ingeweza kutimizwa kwa njia nyingine yenye makaratasi mengi. Kutokuwa na picha ni rahisi zaidi. Mfumo huu haumpimi abiria kwa sura, jina wala anakotoka, na hautaongezewa kazi hiyo.

Januari: doria

Mlinzi anayepita uzioni saa zile zile kila siku anamfundisha anayemchungulia. Suluhisho linajulikana tangu 2007, uwanja wa Los Angeles ulipoanza kutumia programu iitwayo ARMOR, iliyotoka Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kupanga vizuizi na doria kwa bahati nasibu yenye mizani. Wazo lake: kila sehemu ipewe uzito kulingana na madhara yake, kisha nasibu ichague kwa kufuata uzito huo, ili hata anayejua uzito asijue ni lini.

Toleo la hapa ni dogo. Uzio umegawanywa vipande vyenye uzito wa 1, 2 au 3. Hakuna kipande kinachokaa zaidi ya muda fulani bila kutembelewa, na hakuna kinachorudiwa mara tatu mfululizo. Mbegu ya nasibu, yaani namba inayoianzisha, haitokani na tarehe wala saa, maana ratiba ya namna hiyo mtu anaweza kuizalisha upya akiwa nyumbani. Karatasi ya doria inachapishwa mwanzo wa zamu na kuchanwa mwishoni.

Kipande kinachopakana na mashamba kilipata uzito mdogo awali. Kimepandishwa, kwa sababu ya mbuzi na si kwa sababu ya wezi: tundu linalompitisha mbuzi linampitisha na mtu, na mbuzi barabarani wakati Q400 inatua ni tatizo kamili bila kusubiri la pili.

Februari: umeme na chumvi

Seva ni kompyuta ndogo moja, skrini mbili, rauta yenye laini mbili za simu za mitandao tofauti. Jumla ni wati 200 hivi. Betri mbili za volti 12 na Ah 9 zina Wh 216, zinazobaki baada ya upotevu zinatosha kama dakika 45 zikiwa mpya. Joto la Februari linazizeesha haraka, basi zihesabiwe dakika 25 na zibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Taa za barabara ya kurukia zina sharti lake lenyewe, umeme wa akiba uwake ndani ya sekunde 15, na mradi hauzigusi.

Viunganishi vya nje vinaota kutu ya kijani ndani ya miezi michache kwa chumvi ya hewa ya pwani. Grisi ya silikoni kwenye kila kiunganishi, kisanduku cha IP65 (kisichoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa), tundu la waya liwe chini, si juu.

Machi: ushauri uliokataliwa

Kila ushauri una vitufe vitatu: nimefuata, nimekataa, sikuuona kwa wakati. Anayekataa anachagua sababu: taarifa si sahihi, taarifa imepitwa, kuna jambo mfumo haulijui, sina watu. Hakuna sehemu ya maelezo marefu, kwani hujazwa nukta.

Hadi sasa "sina watu" ndiyo inayoongoza mazoezini, na hiyo haisahihishwi kwa kanuni mpya. Iliyobadilisha mfumo ni "kuna jambo mfumo haulijui", hasa kuhusu helikopta na ndege ndogo za kukodi zinazokuja nje ya ratiba. Zimewekewa kitufe cha mnara, chenye aina ya ndege na dakika zilizobaki, basi. Tahadhari zisizofuatwa mara tano mfululizo na watu tofauti zinasimamishwa zenyewe hadi zikaguliwe. Skrini inayolia ovyo mwishowe hufunikwa kwa karatasi.

Aprili: zoezi la kimbunga

Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, na Mtwara ikawekwa kwenye tahadhari. Zoezi limejengwa juu ya hali kama ile. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania pekee ndiyo inayotoa onyo. Mfumo unapokea saa moja tu, ile upepo unapotarajiwa kufika noti 34 (kama kilomita 63 kwa saa), kisha unahesabu kurudi nyuma. Makadirio yetu: saa 24 kabla, pima dizeli. Saa 12 kabla, ndege ndogo ziondoke au zifungwe kwa kamba kwenye pete za ardhini. Saa 6 kabla, ngazi na mikokoteni ya mizigo iingie ndani. Saa 3 kabla, ndege ya mwisho.

Onyo likisogezwa mbele au nyuma, orodha nzima inasogea, isipokuwa hatua zilizokwisha kufanyika. Hilo lilihitaji kuandikwa upya mara mbili, kwa sababu orodha ilikuwa inafuta alama za kazi zilizokamilika kila saa mpya ilipoingia.

Dizeli ilihesabiwa kwa saa 72: jenereta inayokula lita 12 kwa saa kwa nusu mzigo inahitaji lita 864. Hesabu hiyo haitoshi. Mei 2024 mvua pamoja na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na lori la mafuta halina njia nyingine fupi. Mafuta hushushwa bandari ya Mtwara pia, ila meli haikaribii gati wakati wa dhoruba. Kiwango kimepandishwa hadi siku saba, lita 2,016, na tangi la zoezi lina lita 1,500. Kisanduku cha dizeli kwa hiyo ni chekundu muda wote, na kitaendelea hivyo hadi tangi la pili liingizwe kwenye bajeti.

Kwa uwanja wa ndege wa Kikwetu, Lindi, orodha ya moduli imepunguzwa: zimamoto, hali ya barabara, wanyama na orodha ya kimbunga. Moduli ya foleni imeondolewa, haina kazi mahali ambapo ndege mbili haziingiliani. Kinachofuata ni kuhamisha fomu ya mkaguzi iende kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, herufi 160, ili kina cha maji kifike hata data isiposhika. Muundo uliopendekezwa: R01 5 5 2 M4, yaani upande, theluthi tatu, na kina kikubwa zaidi kwa milimita. Bado kuna ubishi kama eneo lililofunikwa liingizwe au likadiriwe kuwa zaidi ya robo kila mara. Kukadiria ni salama zaidi upande wa breki, lakini kutazuia ndege zisizostahili kuzuiwa, kwa hiyo toleo la kwanza litaliomba.